Ya Baridi au ya Moto? Mjadala wa Bia ya Msimu katika Gereji ya Arlington

Jumamosi moja Februari, hapa Arlington katikati ya Dallas na Fort Worth, tuliamka na nyuzi 3 za Selsiasi, na saa nane mchana watoto wa jirani walikuwa wanakimbizana kifua wazi. Baridi ya Texas ya kaskazini haijui kuaga. Inaondoka, inarudi, inaondoka tena kama mgeni aliyesahau simu mezani. Nyasi zilikuwa bado njano kama za Dodoma mwezi wa kumi. Zikianza kugeuka kijani mwezi Machi ndipo watu wa huku watasema majira ya kuchipua yamefika, ingawa kwenye rafu za bia yalishafika tangu Januari.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuja kutoka Houston na kasha la barafu kwenye buti. Ni kama kilomita 400, nyingi zikiwa kwa barabara ya I-45, saa nne ukiacha kusimama Madisonville, na yeye hawezi kupita Madisonville bila kusimama. Ndani ya kasha kulikuwa na chupa kumi na mbili za Spring Bock ya Saint Arnold. Aliliweka katikati ya gereji, akafungua mfuniko, akasema neno moja lililotuweka pale mpaka usiku.

Waliokuwepo niwataje kwanza. Shemeji ni mzaliwa wa Iringa, muuguzi wa zamu za usiku. Mkenya anaishi Garland na ni fundi wa viyoyozi. Kumbukeni kazi yake, itarudi. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ametoka Kilema, Moshi, yuko kwangu tangu Novemba kumwona mjukuu. Na Mtanga, dereva wa malori wa Fort Worth, ambaye hanywi na hajawahi kunywa. Kwenye shughuli zetu huja kwa mambo mawili: nyama choma, na kuwarudisha watu makwao. Mimi nilikuwa mwenyekiti, cheo nilichojipa kwa kuwa gereji ni yangu.

SHEMEJI: Nimewaletea msimu.

MKENYA: Wacha mchezo. Umeleta bia. Msimu ni hali ya hewa. Hiyo ni hali ya duka. Mimi Agosti niko juu ya paa la mtu, jasho linanitiririka, nikishuka naingia dukani nakuta bia ya Oktoba. Mti wa Krismasi haujatolewa sebuleni, bia ya kuchipua imeshapangwa. Sasa huo msimu ni wa nani? Ruaraka walianza kupika mwaka 1922, na mpaka leo hakuna mtu ameniuliza kama nataka Tusker ya mvua au ya kiangazi. Nataka Tusker. Basi.

SHEMEJI: Hiyo ni kasoro ya duka, mzee, usiibebeshe bia. Bock ina sababu yake. Hamira ya bia za namna hii haipendi joto. Inafanya kazi kwenye nyuzi 10 hivi, taratibu, halafu bia inalazwa wiki kadhaa karibu na kuganda. Zamani, kabla ya mashine, ungeweza kufanya hivyo wakati wa baridi tu. Bavaria waliliwekea sheria kabisa mwaka 1553: kuanzia tarehe 23 Aprili mpaka 29 Septemba hakuna kupika, maana za kiangazi zilichacha ovyo. Kwa hiyo unapika baridi ikiwa kali, bia inalala, unaifungua jua linapoanza kutoka. Inakuwa nzito, ya kumfaa mtu aliyetoka kwenye theluji. Jina wanasema limetoka mji wa Einbeck. Watu wa Munich wakalitamka kwa lafudhi yao mpaka likawa "bock", na bock kwa Kijerumani ni beberu. Ndiyo maana lebo nyingi zina pembe.

MKENYA: Hapo umeingia kwenye kazi yangu. Unamjua Carl von Linde? Huyo ndiye babu wa friji zetu. Miaka ya 1870 alipotengeneza mashine zake, wateja wa kwanza walikuwa wapika bia wa hukohuko Munich. Tangu siku hiyo msimu wako umekufa, umezikwa, na nimepanda nyasi juu. Na hata hiyo baridi ya Bavaria unayoisifu, bia yenyewe imepikwa Houston! Houston, unyevu kama wa Mombasa, mtu anatoka bafuni analowa upya. Bia yako imelala kwenye tangi linalopozwa kwa umeme. Zima umeme uone kama kuna msimu.

MTANGA: Februari 2021 ulizimika. Siku zile hata mimi ningelaza bock uani.

Tulicheka, ingawa kicheko cha mambo ya 2021 huku Texas hakifiki mbali. Kila mmoja pale alikuwa na wiki yake ya kulala na makoti. Nikatumia nafasi hiyo kurudisha kikao kwenye utaratibu. Nilikuwa nimepanga kuonja bila kujua: glasi ndogo, kila moja na karatasi yenye namba imebandikwa chini, bia nne. Spring Bock ya Houston. Shiner Bock, ambayo humu Texas ni kama maji ya bomba. Velvet Hammer ya Peticolas wa Dallas, nyekundu, asilimia 9. Na Temptress ya Lakewood, nyeusi, iliyotoka Garland pamoja na Mkenya. Niliporudi kutoka jikoni na chumvi ya nyama, mwanangu wa miaka sita alikuwa amebandua karatasi zote na kuzibandika kwenye baiskeli yake. Kuonja bila kujua kukageuka kuonja bila kujua hata kidogo, na mwenyekiti akapoteza heshima yake mapema.

SHEMEJI: Haina shida, tutajua kwa macho. Hii hapa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hii ndiyo Spring Bock. Asilimia 6.9. Onja.

MKENYA: Ni tamu. Nakubali ni tamu. Sasa kama ni tamu, kwa nini ninyimwe Julai?

SHEMEJI: Ndiyo ninapotaka kukufikisha. Brock Wagner na Kevin Bartol walianza kuuza bia Houston Juni 1994. Kati ya viwanda vidogo vya Texas vinavyofanya kazi leo hakuna kilichowatangulia. Matangi wanayo, umeme wanao, na wateja ambao hata Agosti wangeinunua hii hii wapo. Hawaiuzi. Joto likija wanaleta pilsner ya kiangazi, kisha ya Oktoba, kisha ya Krismasi. Mtu mwenye mali na mnunuzi, na bado anafunga duka, huyo unamwita mchuuzi?

MKENYA: Namwita mchuuzi mjanja. Ukimnyima mtoto peremende mwezi mzima, siku ukimpa atakula na karatasi. Lakini tuache kubahatisha, mfano uko hapa mezani. Shiner. Mji wa watu elfu mbili hivi, Wacheki na Wajerumani, kiwanda kipo tangu 1909. Hii Bock yao ilikuwa ya msimu, ikitoka wakati wa Kwaresima tu. Mwaka 1973 wakaamua kuipika mwaka mzima. Nani alikufa? Leo ndiyo iliyobeba jina la kiwanda chote. Kama msimu ungekuwa na thamani unayosema, wangefilisika.

MAMA MKUBWA: Subirini kwanza. Bia ya nini?

MKENYA: Ya Kwaresima, mama.

MAMA MKUBWA: Ya kumaliza Kwaresima?

SHEMEJI: Ya kunywa ndani ya Kwaresima, mama. Bock tangu zamani ni bia ya watu wanaofunga. Kulikuwa na watawa Munich, wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, nao walipika iliyo nzito zaidi ya hii. Chakula walijinyima, ila cha maji hakikuhesabiwa kuvunja mfungo. Basi bia ikawa ndiyo mkate wao.

MAMA MKUBWA: Watawa?

SHEMEJI: Watawa, mama.

MAMA MKUBWA: Na mimi miaka yote hii Jumatano ya Majivu naosha mtungi naufunika kifudifudi mpaka Pasaka.

MTANGA: Kwetu, mama, hata maji yanavunja. Kwa hiyo usijione umeonewa peke yako.

Hapo Mama Mkubwa aliinyanyua glasi yake, akainusa, akairudisha mezani bila kuonja. Akaniangalia mimi. "Hii ni ya baridi," alisema. "Hamna ya moto?"

Msomaji wa nyumbani hahitaji maelezo. Kwenye baa yoyote kuanzia Moshi mpaka Mbeya mhudumu atakuuliza: baridi au moto? Na ya moto haijachemshwa. Imetoka kwenye kreti, kama mchana ulivyo. Wenyeji wangu wa Texas niliowahi kuwasimulia jambo hili walinitazama kama nimesema tunakunywa supu ya misumari. Kwao bia huja imejaa barafu mpaka vidole vinaganda. Shemeji alijaribu kumwelewesha mama kwamba ya moto haipatikani, zote zimetoka kwenye kasha la barafu. Mama hakubishana. Alichukua chupa mpya, akaikumbatia chini ya kwapa ndani ya sweta lake, akaendelea kula nyama. Dakika ishirini, pengine zaidi. Kisha akafungua, akamimina, akaonja.

MAMA MKUBWA: Sasa hii imesema. Ile ilikuwa imefunga mdomo.

Tukapitisha glasi. Sikutaka kukubali haraka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ya barafu ilikuwa tamu ya ulimi tu, inapita. Hii ya kwapani ilitoa harufu ya ukoko wa mkate, ya karanga zilizokaangwa na ganda lake, na mwishoni kitu kama sukari guru iliyoanza kuungua. Shemeji alipigwa na butwaa, kisha akaanza kucheka, maana wapikaji wa bock wenyewe husema hivyohivyo: isiwe ya baridi kali, iachiwe ipate uvuguvugu kidogo ndipo kimea kijulikane. Mwanamke aliyewasili Novemba, asiyejua Munich iko wapi, amefika penyewe kwa kwapa.

MKENYA: Mama ameshinda onjo. Hajashinda hoja. Hiyo ingekuwa tamu hivyo hivyo Julai, tena Julai isingehitaji kwapa.

SHEMEJI: Acha niseme la kwetu basi, mniache mpaka nimalize. Mimi nimekulia kwenye ulanzi. Mianzi kwetu inapandwa mabondeni, penye maji. Mvua ikishakolea, machipukizi yanatoka ardhini, laini, unene wa mkono wa mtoto. Mgema anakata ncha, anatundika mbeta, kipande cha mwanzi kilicho wazi juu, na tone linaanza kudondoka. Asubuhi anakwenda anachonga kidogo, upana wa wembe, ili njia isifunge. Jioni tena. Hakuna hamira ya kununua, hakuna moto, hakuna kupika; hewa inafanya kazi yote. Uliogemwa asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukiuacha mpaka kesho kutwa, baba yako atakutafuta njiani. Mvua zikiisha, chipukizi linakomaa, linakuwa mti, na tone linakata. Limekata! Utapita Ilula mwezi wa tisa na pesa mfukoni, utakuta vibanda vitupu. Huwezi kumhonga mwanzi. Watu kwetu wanahesabu umri wa mtoto kwa ulanzi: huyu alizaliwa ulanzi umeanza, yule ulipokuwa unaisha. Sasa mimi niko Houston, mji usio na majira, kuna joto na kuna joto zaidi. Nafanya kazi usiku, nalala mchana, nyama ile ile, ndizi zile zile, duka liko wazi saa ishirini na nne. Mwezi wa kwanza nikiona ile lebo kwenye rafu, moyo unaniambia: imeanza kudondoka. Najua ni friji. Sihitaji fundi aje kunieleza.

Mkenya alinyamaza. Niliandika kwenye daftari langu kwamba alinyamaza, kwa sababu si jambo la kila wiki.

MAMA MKUBWA: Baba, umesema vizuri, lakini ulanzi ni wa Mungu, mbege ni ya watu. Ndizi Kilema zipo mwaka mzima. Ulezi unanunua sokoni ukiwa mkavu. Msesewe ni gamba la mti, halina mwezi. Nikitaka mbege kesho naanza leo: nachemsha ndizi mbivu mpaka zinakuwa nyekundu, naacha zichachuke siku kadhaa, nasaga kimea cha ulezi, napika uji wake, nachanganya. Hakuna mvua inayonizuia. Lakini mbona siipiki kesho? Nitampikia nani? Mbege ni ya posa, ya mazishi, ya Desemba watoto wanapopanda mlima kutoka Dar na Arusha na huku kwenu. Mpikaji anaonja wa kwanza mbele za watu, halafu kata inazunguka kwa wazee. Ukimwona mtu anapika mbege Machi bila sababu, ujue anauza. Mungu ampe riziki, lakini hiyo ni biashara.

MKENYA: Asante, mama! Biashara! Ndilo neno nililolisema tangu saa nane.

MAMA MKUBWA: Wewe nyamaza. Kwenu muratina mnapika kila siku?

MKENYA: Hapana, mama. Ya ruracio, siku ya mahari.

MAMA MKUBWA: Ulipooa ulipeleka kreti ya Tusker?

MKENYA: Kreti pia zilikuwepo, mama... Lakini wazee walitaka muratina kwanza.

MAMA MKUBWA: Basi.

Hapa mwenyekiti aliingilia kutetea eneo lake, maana kikao kilikuwa kinaelekea kuamini kuwa bia ya msimu ni mali ya Houston. Nikawaeleza habari ya Rahr & Sons wa Fort Worth. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 2004 na Fritz Rahr na mkewe Erin. Ukoo wa Rahr ulianza kutengeneza kimea Wisconsin tangu 1847. Februari 2010 theluji ilianguka hapa kwetu kuliko ilivyowahi kupimwa kwa saa ishirini na nne, kama sentimita 32 pale uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth, na paa la kiwanda likaporomoka. Walipoinuka tena walitoa bia nyeusi nzito ya kukumbuka siku ile, wakaiita Snowmageddon, jina lililochanganya theluji na kiama. Huo, niliwaambia, ni msimu ulioingia kupitia darini. Shemeji alisema hiyo ni kumbukumbu, msimu ni kitu kinachorudi. Nikamwambia paa lake halijawahi kuanguka. Hatukufika mbali.

Kuna jambo jingine la Texas ambalo sikulisema siku ile, nalisema hapa. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo ilikataza bia yenye kilevi zaidi ya asilimia 4 kwa uzito kuitwa bia. Ilibidi iandikwe kuwa ni "ale", hata kama ni bock, ambayo kwa mpikaji yeyote ni kama kumwita ng'ombe mbuzi kwa sababu amenenepa. Mahakama ya shirikisho mjini Austin iliwaondolea wapikaji mzigo huo Desemba 2011. Na mpaka mwisho wa Agosti 2019, kiwanda cha bia cha Texas kilikuwa hakiruhusiwi kumuuzia mgeni chupa ya kwenda nayo nyumbani. Unaonja pale, unaondoka mikono mitupu. Kuanzia Septemba Mosi mwaka huo mtu aliruhusiwa kubeba wakia 288 kwa siku, yaani chupa ndogo ishirini na nne. Texas ilikuwa ya mwisho katika majimbo yote. Nayataja haya kwa sababu Mkenya anapenda kusema soko ndilo linaloamua nini kinywewe lini. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya viwanda hivi vidogo, aliyeamua alikuwa Bunge la Austin na wasambazaji waliokuwa na sauti humo.

MKENYA: Niseme la Garland, maana chupa yangu haijaguswa. Wim Bens, mzaliwa wa Ubelgiji, alifungua Lakewood mwaka 2012. Hii Temptress ni nyeusi, ina sukari ya maziwa, asilimia 9.1. Ukisikiliza vitabu vya shemeji yako, hii ni ya usiku wa theluji. Mimi nainywa Julai, nyuzi 40, miguu kwenye beseni la maji. Iko dukani mwaka mzima, na sijawahi kusikia imelalamika.

MAMA MKUBWA (ameonja): Huu ni uji.

MKENYA: Uji wa heshima, mama.

Velvet Hammer ilipita mezani bila mjadala. Ilipendwa na kila mtu, na kinachopendwa na kila mtu hakina la kuzungumzwa. Nikageukia kona ya Mtanga, aliyekuwa na chupa yake ya tangawizi na mfupa wa ubavu. Shemeji hupika bia kidogo nyumbani kwake, lita ishirini kwa mara, na alikuwa na kifuko cha kimea cha shayiri alichobeba kumwonyesha Mama Mkubwa. Hakijapikwa, hakina kilevi, ni nafaka tu iliyooteshwa ikakaushwa. Mtanga aliomba punje chache. Akatafuna muda mrefu, macho yameangalia mlango wa gereji.

MTANGA: Mkate wa mofa. Ule ukoko wake wa chini, uliogusa udongo.

SHEMEJI: Ndiyo ladha yenyewe! Bock ni hiyo, ustadhi.

MTANGA: Basi bock nimeshaionja na sina dhambi. Sasa mniruhusu. Huyu bwana wa Garland anasema kama kitu ni kitamu kiwepo siku zote. Mke wangu anajua kupika kaimati. Anajua uji wa pilipili manga, anajua tambi za nazi. Vitu vyote viko kwenye duka la Wahindi Irving, hata iliki. Mwaka juzi Julai nikamwambia, mama watoto, nipikie kaimati, nimezikumbuka. Akapika. Zilikuwa nzuri, sikosoi. Nikala mbili nikaacha. Hapakuwa na adhana iliyozitangulia, sikuwa na njaa, hakuna jirani aliyeleta sahani yake kubadilishana. Zilikuwa unga na sukari. Ramadhani ikaingia, zile zile, mikono ile ile, nikagombea ya mwisho na mwanangu. Mwaka huu mfungo wetu na Kwaresima yenu vimekaribiana, kila nyumba hapa itafunga kitu. Mimi kinywaji chenu sikitetei na sitakitetea. Ila hoja ya shemeji naielewa kuliko nyinyi mnaokunywa.

MKENYA: Wewe tena! Wewe si ungekuwa upande wangu, useme zote zipigwe marufuku?

MTANGA: Hilo nitakuambia nikiwa nimeshika usukani. Na la usukani ni hili, halafu nirudi kwenye ubavu wangu. Mmehesabu glasi ndogo, mkajiona mmeonja. Bia hizi zina asilimia 7, zina 9. Ndogo nne za hizo si mchezo. Kwenye gari la kawaida kikomo cha kilevi kwenye damu ni 0.08. Mimi kwenye lori ni 0.04. Na nikitiwa hatiani hata kwa gari langu la nyumbani, leseni ya lori inakwenda mwaka mzima, watoto wale nini? Halafu wengine humu karatasi zenu za uhamiaji bado ziko mezani kwa mtu. Siku ya mahojiano atafungua faili, hatauliza kama ilikuwa ya msimu. Nimemaliza. Funguo za gari ziko wapi?

Mkenya alitoa zake bila neno.

Nitoe langu. Nilianza siku ile nikiwa upande wa Mkenya, na kwa mambo ya kuhesabika bado niko naye: friji ipo, 1973 ipo, na Shiner Bock ya Oktoba haina tofauti na ya Machi. Lakini nimemtazama Shemeji miaka minane. Mtu huyu ana kila kitu kila siku, na katika kila kitu hicho amejichagulia kimoja cha kukingojea. Angeweza kujaza gereji yake chupa mwezi Februari akanywa hadi Desemba. Sheria ya 2019 inamruhusu, mshahara unamruhusu. Hanunui zaidi ya kumi na mbili, na hizo anasafiri nazo saa nne ili zinywewe na watu. Ni mbege ya Mama Mkubwa ndani ya chupa ya Houston. Nilimwambia hivyo, akasema nimelewa.

Magharibi baridi ilirudi kuchukua simu yake, tukashusha mlango wa gereji. Chupa mbili za Spring Bock zilikuwa zimebaki. Mama Mkubwa alizichukua, akazifuta kwa upindo wa khanga, akazifunga humohumo.

MAMA MKUBWA: Hizi nitanywa Pasaka. Watawa wafanye yao, mimi mtungi wangu naufunika.

MKENYA: Mama, usiziweke kabatini, zitaharibika. Bia hii inataka nyuzi nne mpaka sita, isipigwe na joto. Nipe nikupangie kwenye friji, rafu ya chini, nyuma.

MAMA MKUBWA: Na ziwe za baridi?

MKENYA: Utazitoa mapema, mama. Utaziweka kwapani.

Akamwachia. Mkenya akaenda jikoni mwenyewe, nikasikia anasogeza sufuria na kuzungusha kile kidhibiti cha baridi ambacho mimi sijawahi kukigusa. Mtanga alikuwa nje ameshawasha gari. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Mkenya alikuwa kiti cha mbele, mwanga wa simu usoni, anapekua kalenda aone Pasaka ni tarehe ngapi.